Kabla Hujaandika Andiko la Mradi
Mwongozo kwa anayetaka kuanzisha biashara ya jamii Nangwa, wilayani Hanang

Anza na mbaazi, hata kama huna mpango wa kulima mbaazi. Agosti 5, 2017, serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo. Mkulima wa Hanang, Babati au Mbulu hupanda mbaazi katikati ya mahindi, mvua zikishakolea, na huanza kuzivuna Agosti. Kwake hapakuwa na tarehe mbaya kuliko hiyo, maana mzigo ndio kwanza ulikuwa unatoka shambani. Kilo iliyowahi kuuzwa kwa zaidi ya shilingi 2,000 miaka miwili nyuma iliangukia mia na kitu katika baadhi ya maeneo, na wapo walioziacha zikaukie shambani kwa kuwa kibarua cha kuvuna kilikuwa ghali kuliko mbaazi zenyewe. Mvua haikukatika wala mdudu hakuingia. Ni uamuzi wa wizara moja kule New Delhi.

Msumbiji walikuwa na karatasi mkononi. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameshaandikiana na India makubaliano ya kiasi kitakachonunuliwa kila mwaka. Sisi tulikuwa na mbaazi nzuri na mazoea.

India iliondoa kikomo kile Mei 2021 na bei imepanda na kushuka tangu hapo. Alizeti nayo ilipata zamu yake: msimu wa 2023 bei iliporomoka baada ya mafuta ya kula kutoka nje kupewa unafuu wa ushuru. Shilingi, iliyokuwa takriban 2,330 kwa dola moja mwanzoni mwa 2023, ilifika karibu 2,700 katikati ya 2024 kabla ya kupata nguvu tena. Dizeli, mbolea na vipuri vya mashine ya kusaga vyote vinanunuliwa kwa dola huko vinakotoka, kwa hiyo mtikisiko ule ulipanda lori na kufika Nangwa kama bidhaa nyingine yoyote.

Miongozo mingi ya ujasiriamali wa kijamii humwanzisha msomaji kwenye ndoto yake na maono yake. Huu umeanzia kwenye mambo yasiyokutii, kwa sababu ndiyo yatakayoamua kama biashara yako itafika msimu wa tatu. Ninaposema biashara ya jamii nina maana rahisi: biashara inayojiendesha kwa mauzo yake yenyewe, na faida yake inabaki kutibu shida iliyofanya ianzishwe. Ukisubiri mfadhili kila mwaka, huo ni mradi. Ukitia faida yote mfukoni, hilo ni duka lako, na si dhambi, ila usiliite la jamii.

Tembea na daftari kabla ya kuwaza mashine

Kosa la kwanza la wengi ni kuanza na kitu: "Tunataka mashine ya kukamua alizeti", "tunataka trekta". Wewe anza na swali: shilingi ya Nangwa inatoka kata hii kwa njia gani, na ipi kati ya njia hizo tunaweza kuiziba wenyewe kwa fedha tuliyo nayo?

Chukua wiki mbili. Zungumza na wakulima, wafugaji wa Kibarabaig wanaoshuka na mifugo, mama lishe wa kando ya lami ya Babati–Singida, mwenye mashine ya kusaga, dereva wa bodaboda, mwalimu mkuu. Usiulize "changamoto zenu ni zipi". Swali hilo limeshachoka na kila mtu ana jibu lake tayari la kumpa mgeni mwenye karatasi. Uliza mambo yanayohesabika. Mwaka jana uliuza mahindi mwezi gani? Uliuza kwa nani, kwa gunia au kwa kilo? Januari watoto walipofungua shule, fedha za sare na madaftari ulizipata wapi? Mwezi gani ulianza kununua mahindi, na kwa bei gani?

Ukifanya hivyo kwa uaminifu, daftari lako litaanza kujirudia. Utakuta watu waliouza mahindi Julai bei ikiwa chini, kisha wakanunua mahindi yaleyale Februari bei ikiwa juu. Utakuta waliouza mazao yakiwa bado shambani kwa sababu mgonjwa hakusubiri mavuno. Utakuta alizeti inayotoka ikiwa mbegu na kurudi ikiwa dumu la mafuta. Utakuta mikopo kausha damu, ile ya kurejesha kila siku au kila wiki. Na lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, itajitokeza kila ukurasa.

Pendekezo langu, nawe una haki ya kulikataa: Nangwa, biashara ya kwanza ya jamii iwe ghala na mizani. Haina mvuto. Hakuna atakayekuja kupiga picha na ghala. Lakini inaziba matundu mawili makubwa kwa mtaji mdogo, na kipuri chake hakisubiri dola.

Ghala: jinsi ya kufanya, hatua kwa hatua

Huhitaji kujenga. Tafuta chumba kisichovuja, chenye sakafu kavu na mlango unaofungika. Kodi yake ya mwaka ijulikane na iandikwe. Weka chaga za mbao ili gunia lisiguse sakafu, na acha nafasi ya kupita kati ya magunia na ukuta. Usihifadhi mbolea wala dawa za mifugo humo, hata kwa siku moja, hata kama anayeomba ni diwani.

Adui yako wa kwanza ni unyevu. Wakulima wengi huuma punje na kusikiliza inavyolia, na wazee wa kazi hiyo hawakosei sana. Lakini ghala la watu wengi linahitaji kipimo ambacho hakibishaniwi. Kama hamna mashine ya kupimia unyevu, tumieni chupa na chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka mahindi hadi robo au theluthi, tia vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi: yarudi juani. Ikianguka yote chini, yapokee. Fanyeni kipimo hicho mbele ya mwenye mzigo, kila mzigo, bila kujali ni wa nani. Siku mtakapompitisha mwenyekiti bila chupa, ghala limeanza kufa.

Adui wa pili ni dumuzi, yule ambaye wakulima walimpa jina la Scania kwa jinsi anavyosaga. Kwenye mbaazi na maharage kuna fukusi. Wote wanahitaji hewa. Ndiyo maana mifuko ya tabaka tatu, ile inayoitwa mifuko ya PICS au kinga njaa, inafanya kazi bila dawa: mifuko miwili ya nailoni nzito ndani, na kiroba cha kawaida nje. Jaza mfuko wa ndani huku ukishindilia ili hewa itoke, sokota shingo yake, ikunje, ifunge kwa kamba, kisha wa pili vivyo hivyo, kisha kiroba. Watu hukosea kwenye kufunga. Wanafunga shingo kama wanavyofunga gunia la mkaa, hewa inabaki, baada ya miezi miwili wanasema mifuko ni ya kitapeli. Mfuko uliofungwa vizuri haufunguliwi kuchungulia. Kagua matobo kabla ya kuutumia tena. Usiotoboka unaweza kutumika zaidi ya msimu mmoja.

Mapato ya ghala ni ada ya kuhifadhi kwa gunia kwa mwezi. Ipangeni kwa hesabu: kodi ya chumba, mlinzi, mifuko, chaga, dawa ya panya, na akiba kidogo. Gawanya kwa idadi ya magunia mnayotegemea kupata mwaka mbaya. Nasisitiza mwaka mbaya, kwa sababu ukipanga ada kwa hesabu ya mwaka wa neema, ukame mmoja utawafungia mlango.

Halafu kuna jambo ambalo ghala peke yake haliwezi. Mtu anayeuza Julai hauzi tu kwa kukosa pa kuweka. Mara nyingi anauza kwa sababu ana shida ya fedha siku hiyo. Ukimpa chaga na mfuko bila fedha, atauza tu. Kwa hiyo ghala lazima litembee pamoja na kikundi cha kukopeshana: mwanachama anaweka magunia, kikundi kinamkopesha sehemu ya thamani yake, nusu au pungufu kwa bei ya siku hiyo, na deni linalipwa gunia likiuzwa. Kwa nini nusu? Kumbuka Agosti 2017.

Mizani

Gunia la kilo 100 ndilo sheria inalolijua. Lumbesa ni lile gunia lililoongezwa kichwa hadi kufika kilo 120, 130 na zaidi, huku bei ikibaki ya gunia moja. Fanya hesabu ukutani ambako kila mtu ataiona: ukiuza lumbesa kumi za kilo 125, umempa mnunuzi magunia mawili na nusu bure. Serikali imekuwa ikilipiga marufuku jambo hili kwa miaka, na Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo, lakini lumbesa huishi mahali ambapo mizani pekee ni ya mnunuzi.

Nunueni mizani ya jukwaa ya kilo 150 au 200, ipelekeni ikaguliwe na kugongwa muhuri na Wakala wa Vipimo, na iwekeni palepale ghalani, si nyumbani kwa mtu. Tozeni senti kidogo kwa kila gunia linalopimwa, hata kwa wasio wanachama. Wafanyabiashara watanung'unika mwanzoni. Wengine watapita bila kusimama. Baadaye watarudi, kwa kuwa hata wao wanachoka kuzunguka nyumba kwa nyumba kukusanya gunia moja moja, na mzigo wa tani kumi uliopimwa tayari kando ya lami unawapunguzia mafuta na siku za kukaa njiani.

Mashine ya alizeti iwe ya mwaka wa tatu, kama itakuja. Kabla ya kuinunua, uliza TANESCO kama transfoma iliyo karibu inabeba umeme wa njia tatu. Uliza SIDO juu ya mafunzo na utaratibu wa kupata alama ya TBS kwa mzalishaji mdogo. Kisha uliza swali ambalo watu husahau: mashudu ni ya nani? Mashudu ni chakula cha ng'ombe, na Hanang kuna ng'ombe wengi. Mwenye mashine akibaki na mashudu yote, bei nafuu ya kukamua si nafuu. Kikundi kikiyauza kwa wafugaji wakati wa kiangazi, mashine inaweza kulipiwa umeme na makapi yake.

Sanduku la kufuli tatu

Mtaji wa kwanza utoke kwenu. Mtindo wa vikundi vya hisa ulianza Niger mwaka 1991 kupitia shirika la CARE, ukafika Zanzibar, eneo la Jozani, mwaka 2000, na muda mfupi baadaye ukaenea bara kwa jina la VICOBA. Nguvu yake ni vitu vidogo: hisa kila wiki, mfuko wa jamii wa msiba na ugonjwa, wanachama wanaodhaminiana kwa makundi ya watano, na sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake zinashikwa na watu watatu tofauti. Fedha inahesabiwa mbele ya wote na kiasi kilichomo kinatajwa kwa sauti, ili hata bibi asiyesoma aondoke akikijua kichwani.

Kwa Nangwa ongezeni mambo mawili. La kwanza, tenganisheni mfuko wa kukopeshana na mfuko wa biashara. Mwisho wa mzunguko vikundi hugawana kila kitu, watu wananunua bati na kondoo, na Januari mnaanza sifuri. Fedha ya ghala isigawanywe. Iandikwe kwenye katiba kwamba haigawanywi. La pili, muhtasari usomwe kwa Kiswahili kisha uelezwe kwa Kiiraqw na Kidatoga kama wapo wanaohitaji. Watu hukubali kwa kichwa mambo wasiyoyaelewa, kisha hukataa kwa miguu.

Na mhazini asiwe shemeji wa mwenyekiti. Najua katika kijiji kila mtu ni shemeji wa mtu. Tafuteni zaidi.

Watu wa hapa hawahitaji kufundishwa kushirikiana. Wairaqw na Wabarabaig wote wana desturi ya zamani ya kuwekeana ng'ombe: unampa mwenzako ng'ombe amtunze, yeye anapata maziwa na samadi, wewe unabaki na mali yako na ndama, na ugonjwa ukipiga zizi moja hamfilisiki. Ndiyo bima, na ilikuwapo kabla ya neno bima. Ukieleza akiba ya kikundi kwa mzee, mweleze kwa njia hiyo, atakuwa amekuelewa kabla hujamaliza.

Usajili kwa ufupi

Sheria ya Tanzania haina mlango wenye jina la biashara ya jamii, kwa hiyo unachagua mlango ulio karibu. Kikundi cha kukopeshana kinasajiliwa kupitia halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Mkitaka kuuza mazao kwa pamoja, njia ni chama cha ushirika wa mazao, AMCOS, chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013 na usimamizi wa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Kampuni inasajiliwa BRELA. Asasi isiyo ya kiserikali hairuhusiwi kugawa faida, kwa hiyo usiichague kwa sababu tu umesikia wafadhili wanaipenda.

Wazee watakuuliza juu ya ushirika, na wana sababu. Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976 na kuvirudisha mwaka 1982, na katikati hapo watu walipoteza mali na imani. Usiwabishie. Waonyeshe daftari la kikundi na mizani.

Fedha ya wengine

Ipo, na ichukueni, lakini mkiwa mmeshasimama. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Aprili 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa nchi nzima baada ya ukaguzi kuonyesha marejesho mabaya na vikundi hewa, ikarudishwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi kilichokuwa kimepanga maisha yake juu ya mkopo ule kilikaa zaidi ya mwaka kikitazama mlango. Mbolea ya ruzuku nayo, iliyoanza msimu wa 2022/23 baada ya vita vya Ukraine kupandisha bei, iliushusha mfuko wa DAP wa kilo 50 hadi shilingi 70,000 kutoka zaidi ya laki. Jiandikisheni kwenye daftari la wakulima kijijini mapema, na agizeni kwa pamoja ili gharama ya kuileta igawanyike. Ila kwenye bajeti yenu wekeni bei isiyo na ruzuku.

Ukitaka kujua fedha kubwa ya nje inavyoweza kuondoka, huna haja ya kusafiri mbali. Ng'ambo ya mlima, tambarare za Basotu, Kanada ililisaidia shirika la umma la kilimo, NAFCO, kulima ngano tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi 1993. Mashamba saba, Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd, yalichukua takriban ekari laki moja. Ngano ilikubali, udongo ule hauna ubishi. Lakini matrekta, vipuri na utaalamu vilikuwa vya kuagiza, na ardhi ilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, ambao walizuiwa kupita na mifugo na kufikia hata makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kiliishtaki NAFCO, kikashinda Mahakama Kuu, kisha mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO ushindi. Kanada ilipoondoka, mashamba yale yalidhoofika, na ugomvi wa ardhi ukabaki. Wapo watakaosema nchi ilihitaji mkate, na ni kweli ilihitaji. Mimi naona mradi ule ulikufa siku wale waliokuwa wakiishi pale walipohesabiwa kuwa kikwazo, na kilichofuata kilikuwa kusubiri tu.

Kwa hiyo Mbarabaig asiwe mteja wa mashudu peke yake. Awe mwanachama, awe na ufunguo mmoja kati ya zile tatu.

Karatasi ya ardhi

Mfano wa upande mwingine upo wilayani Mbulu, bonde la Yaeda. Wahadzabe wa huko, wawindaji na warina asali ambao ardhi yao ilikuwa ikimegwa kila mwaka, walipata mwaka 2011 hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja kijijini Mongo wa Mono, kwa msaada wa shirika la UCRT la Arusha. Hati ndiyo iliyotangulia. Ndipo kampuni ya Carbon Tanzania ikaweza kuingia nao mkataba: wanalinda misitu yao kwa doria zao wenyewe, hewa ukaa inayobaki kwenye miti na udongo inapimwa na kuuzwa kwa wanunuzi wa nje, na fedha inarudi kwa jamii na kutumika kwa matibabu, shule na walinzi wa doria.

Sikushauri ukimbilie hewa ukaa. Soko lake lilitikisika vibaya mwaka 2023, na Nangwa ina mashamba mengi kuliko msitu. Jambo la kujifunza Yaeda ni mpangilio wa hatua. Kabla hujapanda mti mmoja au kutundika mzinga wa kwanza kwenye ardhi ya kijiji, nenda serikali ya kijiji, pata eneo kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi, mkutano mkuu upitishe, muhtasari upigwe mhuri, kisha hati. Ni safari ndefu na utaichoka. Lakini biashara ya nyuki iliyo kwenye ardhi ya makubaliano ya mdomo itadumu hadi uchaguzi ujao wa mwenyekiti wa kijiji.

Mlima

Desemba 3, 2023, tope, mawe na magogo vilishuka kutoka Mlima Hanang na kupita katikati ya Katesh, Gendabi na vitongoji jirani. Walikufa watu 89. Nyumba zilijengwa Waret kwa walionusurika bila makazi. Biashara yoyote ya jamii inayopangwa chini ya mlima huu bila kuutazama mlima haijakamilika.

Kwa vitendo, maana yake ni hii. Ghala lisiwe kwenye mkondo wa korongo, hata kama korongo hilo halijapitisha maji tangu uzaliwe. Ulizeni wazee njia za zamani za maji. Nakala ya pili ya daftari la kikundi ikae mbali na sanduku, au ipigwe picha kila mwezi na kutumwa kwa watu watatu. Fedha yote isikae sandukuni. Fungueni akaunti, na sandukuni mbakize ya mikopo ya wiki tu. Kitalu cha miche ni kazi nzuri ya vijana wa kikundi, wakianza na miti ya asili na miti ya malisho, lakini miche iuzeni kwa maagizo: shule ngapi, kaya ngapi, wanataka miche gani, wameweka kiasi gani mkononi. Juu mlimani ni hifadhi chini ya Wakala wa Misitu, TFS, na ruhusa ya kuweka mizinga inaombwa kwao, kwa barua, si kwa mlinzi mnayefahamiana naye.

Kuuza

Miaka ya karibuni serikali imepeleka mbaazi, dengu, choroko na ufuta kwenye stakabadhi za ghala na minada ya Soko la Bidhaa, TMX. Mzigo unapokelewa na AMCOS, unapimwa, mkulima anapewa stakabadhi, wanunuzi wanashindana bei, fedha inaingia benki baada ya makato. Faida yake ni kwamba wanunuzi wanashindania mzigo, na mizani si ya mnunuzi. Lawama zake ni ucheleweshaji wa malipo na makato yasiyoeleweka. Zote mbili ni za kweli. Kabla ya msimu kuanza, omba AMCOS wabandike orodha ya makato kwa kila kilo ukutani, na hakikisha kila mwanachama ana akaunti yenye jina linalofanana na kitambulisho chake. Malipo mengi hukwama kwenye herufi moja ya jina.

Kwa mahindi na maharage, ambayo mnauza wenyewe, gawanyeni mzigo wa kila mwanachama mafungu matatu siku ya kuuingiza ghalani, kabla bei haijaanza kuwatia tamaa. Fungu la kwanza liuzwe mapema kulipa madeni na vibarua. La pili liuzwe kwa pamoja, mzigo mmoja, kwa mnunuzi aliyekubali mizani yenu. Shule za bweni na hospitali za ukanda huu hununua chakula mwaka mzima, nendeni mkazungumze nazo mwezi wa Mei, kabla ya mavuno, mkiwa na sampuli na kiasi mnachoweza kutimiza, hata kama ni tani mbili tu, na mkubaliane kwa maandishi. Fungu la tatu lisubiri Januari hadi Machi, na ndani yake kila kaya iondoe kwanza chakula chake. Kwenye muhtasari wekeni pia tarehe ya mwisho ya kusubiri, kwa mfano Machi 31. Atakayetaka kusubiri zaidi ya hapo achukue magunia yake akasubirie nyumbani kwake, kwa ada yake mwenyewe na kwa panya wake mwenyewe.